Mkurugenzi Mkuu ameondoka: jinsi ya kumteua kaimu bila kujitafutia kesi

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za mafuta zitakazotumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Tangazo hilo hutoka kwa jina la Mkurugenzi Mkuu. Sasa chukulia kiti hicho kimebaki wazi tarehe 10. Tarehe 14 haisogei kwa sababu ofisi haina mwenyewe, na matatu na bodaboda hazitasubiri bodi ikutane mwezi ujao. Ndivyo ilivyo katika mamlaka nyingine za udhibiti pia. Kuna leseni inayokaribia kuisha, amri ya kusimamisha kampuni inayodanganya wawekezaji, masafa ya redio yanayosubiri kugawiwa, na vyote vinataka sahihi ya mtu mwenye mamlaka kisheria.

Kwa hiyo kaimu huteuliwa haraka, na haraka hiyo ndiyo inayozaa matatizo. Mwongozo huu ni wa wale wanaoandaa karatasi: mkuu wa rasilimali watu, katibu wa shirika, na mjumbe wa bodi anayetaka kujua anachopitisha. Nimeuandika kwa kufuata sheria za Kenya. Ukiwa nchi nyingine, hatua nyingi zitakufaa lakini vifungu na muda havitakuwa hivi.

Hatua ya kwanza: jua ni pengo la aina gani

Si kila kiti kisicho na mtu kinahitaji kaimu. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 kinasema mtu anaweza kuteuliwa kukaimu kwa muda usiopungua siku 30 na usiozidi miezi sita. Bosi akienda likizo ya wiki mbili au kongamano la Geneva, hapo hakuna ukaimu. Kuna mtu wa kushikilia ofisi, na memo ya ukurasa mmoja inatosha. Haina marupurupu, na asiyefurahia hilo aelezwe mapema.

Pengo la kweli hutokea mkataba ukiisha bila kuongezwa, mtu akistaafu, akijiuzulu, akifariki au akisimamishwa kazi. Kusimamishwa kuangaliwe kipekee, kwa sababu kiti bado kina mwenyewe. Huwezi kutangaza nafasi ya mtu ambaye kesi yake ya nidhamu haijaamuliwa. Kaimu wa hapo anakaimu huku mwenye ofisi yuko nyumbani, pengine akila nusu mshahara na kumpigia wakili wake simu. Kifungu cha 236 cha Katiba kinamlinda afisa wa umma asiondolewe bila utaratibu wa sheria, na wakili wake anakijua kwa moyo.

Kustaafu na kuisha kwa mkataba ni mambo ya kalenda. Umri wa kustaafu ni miaka 60, au 65 kwa mtu mwenye ulemavu, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mkurugenzi iko kwenye faili lake tangu siku aliyoajiriwa. Mamlaka inayoshtukia kwamba Mkurugenzi Mkuu wake anaondoka mwezi ujao haijapatwa na dharura, imelala tu. Tengeneza jedwali la kila mkuu wa idara na tarehe yake ya mwisho, na liwe linafika mbele ya kamati ya bodi inayoshughulikia wafanyakazi kila robo mwaka. Kazi hiyo ya asubuhi moja itakuepusha na nusu ya yatakayofuata hapa chini.

Hatua ya pili: tafuta ni nani mwenye mamlaka ya kuteua

Hapa ndipo uteuzi mwingi unapovunjikia mahakamani, kwa hiyo usipite mbio.

Anza na sheria mama, yaani ile iliyounda mamlaka yenu. Kama ni mawasiliano, soma Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 pamoja na marekebisho yake. Kama ni kawi, soma Sheria ya Kawi ya 2019. Kama ni soko la hisa, soma Sheria ya Masoko ya Mitaji. Tafuta maneno yanayosema Mkurugenzi Mkuu “atateuliwa na” nani. Ni bodi? Ni Waziri kwa mapendekezo ya bodi? Ni Rais? Kanuni ya kifungu cha 34 ni nyepesi: anayeteua kaimu ni yule yule mwenye mamlaka ya kuteua mtu wa kudumu, na anafanya hivyo kwa maandishi, kwa muda uliotajwa.

Maana yake, Waziri hawezi kumpachika kaimu kama sheria imeipa bodi kazi hiyo. Mwenyekiti wa bodi hawezi kuandika barua peke yake Jumamosi jioni akisema wajumbe “wataafiki baadaye.” Na Mkurugenzi Mkuu anayeondoka hana ruhusa ya kumrithisha mtu kiti. Hili la mwisho hutokea zaidi ya unavyodhani. Bosi anaandika memo ya kuaga, na katika aya ya mwisho anasema fulani “atakuwa akikaimu.” Memo hiyo inafaa kwa kushikilia ofisi siku chache, basi.

Kisha kuna tatizo la bodi isiyokuwepo. Chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali (Sura ya 446), mwenyekiti huteuliwa na Rais na wajumbe wa nje huteuliwa na Waziri, na majina huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Muda wa wajumbe ukiisha na wengine wasiteuliwe, bodi inakosa akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali), na bodi isiyo na akidi haiwezi kuteua hata mhudumu wa chai. Katibu wa shirika ahakikishe jambo hili kabla ya kuitisha kikao: nani yuko hai kisheria kwenye bodi leo, na tangazo la uteuzi wake lilichapishwa lini. Kama akidi haipo, kazi ya kwanza ni kumwandikia Waziri kuhusu bodi. Habari ya kaimu ije baada ya hapo.

Kuna pia Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) na Kamati ya Ushauri kuhusu Mashirika ya Serikali (SCAC). Mvutano kuhusu nani kati yao ana neno la mwisho juu ya wafanyakazi wa mashirika umekuwepo kwa miaka. Ushauri wangu ni wa woga lakini unasaidia: fuata waraka wa karibuni zaidi ulio kwenye faili, na nakili barua zako kwa taasisi zote mbili pamoja na Katibu wa Wizara. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kutuma nakala nyingi mno.

Hatua ya tatu: chagua mtu anayetosha kiti

Sheria haina utani hapa. Mtu hateuliwi kukaimu kama hana sifa zote zilizowekwa kwa ofisi hiyo. Kwa hiyo toa maelezo ya kazi ya Mkurugenzi Mkuu yaliyoidhinishwa, yaweke mezani kando ya faili la kila mkuu wa idara, na upitie mstari kwa mstari: shahada ya pili inahitajika? Miaka mingapi ya uongozi wa juu? Uanachama wa chama cha taaluma, na leseni ya mwaka huu imelipiwa? Mtu aliyekaa miaka 20 katika mamlaka na kupendwa na wote, lakini amepungukiwa sifa moja ya lazima, hawezi kukaimu.

Huyo kuna njia nyingine ya kumtumia, inayoitwa jukumu maalum. Anapewa kazi za ofisi kwa muda, bila cheo cha kaimu, na malipo yake ni madogo kidogo. Lakini usiitumie njia hii kumrusha mtu ngazi nne juu ya wenzake kwa sababu tu yuko karibu na mwenyekiti. Njia hiyo ni ya kuziba pengo pale ambapo hakuna aliyetimiza sifa, na kumbukumbu za kikao zinapaswa kuonyesha kwamba mlitafuta.

Mkipata wawili au watatu wanaotosha, andikeni sababu za kumchagua mmoja. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka ushindani wa haki na sifa ndizo ziwe msingi wa uteuzi na kupandishwa vyeo, na aliyeachwa atauliza. Angalieni pia sura ya uongozi wenu kwa ujumla: Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja.

Kwa mamlaka ya udhibiti kuna jambo moja ambalo mashirika mengine hayana, na watu hulisahau. Tuseme mnamteua mkuu wa idara ya uchunguzi kukaimu. Mezani kwake kuna faili la kampuni aliyoichunguza yeye mwenyewe mwezi uliopita, na sasa, akiwa kaimu, ndiye wa kuamua adhabu. Amekuwa mpelelezi na hakimu wa jambo moja. Wakili wa kampuni ataipeleka adhabu hiyo kwenye jopo la rufaa au mahakamani akiwa na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 mkononi, na atakuwa na hoja. Mwambie mteule aorodheshe kesi zote alizozigusa, na bodi iamue kwa maandishi ni nani atakayeziamua badala yake. Fanyeni hivyo hivyo kwa hisa zake, za mwenzi wake, na kwa ndugu wanaofanya kazi katika kampuni mnazozidhibiti.

Hatua ya nne: andika barua yenye mwisho

Barua nyingi za ukaimu nilizosoma zina ugonjwa mmoja: “hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo.” Maneno hayo hayana nafasi katika sheria yetu. Muda lazima utajwe. Barua halisi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lakini kiini chake kiwe hiki:

“Bodi, katika kikao chake maalum cha tarehe 24 Juni, imekuteua kukaimu nafasi ya Mkurugenzi Mkuu kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 31 Desemba, au hadi Mkurugenzi Mkuu atakaporipoti kazini, lolote litakalotangulia. Katika kipindi hicho utaendelea kuwa mwajiriwa katika cheo chako cha Mkurugenzi wa Leseni, na utarejea katika cheo hicho ukaimu ukiisha. Uteuzi huu haukupi haki ya kuthibitishwa katika nafasi hiyo. Utalipwa marupurupu ya ukaimu kwa mujibu wa mwongozo wa rasilimali watu. Majukumu yako ya idara yatashikiliwa na afisa atakayetajwa katika barua tofauti. Tafadhali thibitisha kwa maandishi kwamba umekubali.”

Tazama jinsi barua hiyo inavyotaja kikao na tarehe yake. Mkaguzi akija, atataka kumbukumbu za kikao zinazolingana na barua, na orodha ya mahudhurio inayoonyesha akidi. Tazama pia sentensi ya kurejea katika cheo cha zamani. Bila hiyo utajikuta na mtu ambaye baada ya miezi sita hana pa kurudi kwa sababu kiti chake kimekaliwa, naye atakwenda Mahakama ya Ajira na Leba kuuliza yeye ni nani hasa.

Usiandike barua ya kuanzia nyuma. Kama mtu amekuwa akisaini tangu tarehe 1 na bodi imekaa tarehe 19, tatizo hilo litatuliwe kwa bodi kuyakagua maamuzi yaliyofanywa katikati, moja baada ya jingine. Kubadilisha tarehe ni kughushi.

Hatua ya tano: malipo

Mwongozo wa sera za rasilimali watu wa PSC wa 2016 unaweka marupurupu ya ukaimu kuwa asilimia 20 ya mshahara wa msingi, na ya jukumu maalum kuwa asilimia 15. Mamlaka yenu inaweza kuwa na mwongozo wake ulioidhinishwa, kwa hiyo soma huo kwanza, na usivuke viwango vya Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC).

Asilimia hiyo ni ya mshahara wa nani? Ni wa kaimu mwenyewe, wa cheo chake cha kudumu, si wa kiti anachokikalia. Kama mshahara wake wa msingi ni shilingi 300,000, atapata shilingi 60,000 juu yake kila mwezi, na 360,000 kwa miezi yote sita. Angekuwa kwenye jukumu maalum, angepata 45,000 kwa mwezi. Wengine hudhani watalipwa mshahara mzima wa Mkurugenzi Mkuu, gari na mlinzi. Waambie kabla hawajasaini kukubali, maana manung’uniko ya pesa kwenye ofisi ya juu huharibu kazi kuliko pengo lenyewe.

Malipo hayo yakome siku ya mwisho ya miezi sita. Weka tarehe ya kukoma kwenye mfumo wa mishahara siku ile ile unayoyaanzisha. Yakiendelea mwezi wa saba wa ukaimu, hilo ni swali la ukaguzi, na aliyeyaidhinisha anaweza kutakiwa kuyarudisha kutoka mfukoni.

Hatua ya sita: mpe mamlaka ya kweli

Barua peke yake haifungui kasiki. Mkurugenzi Mkuu kwa kawaida ndiye pia afisa masuuli wa shirika, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha zake, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 maafisa hao hutajwa kwa maandishi na Waziri wa Hazina ya Kitaifa. Peleka ombi Hazina kupitia wizara yenu siku ya uteuzi. Mpaka jibu litakaporudi, kaimu asisaini mikataba ya ununuzi, kwa sababu mzabuni aliyeshindwa atatumia pengo hilo.

Badilisheni watia saini wa benki. Ondoeni sahihi na nywila za aliyeondoka kwenye mifumo ya leseni. Wajulisheni mnaowadhibiti kwa tangazo fupi, ili kampuni isije ikadai haikujua sahihi mpya ni ya nani. Mwisho, fanyeni makabidhiano kwa hati: kesi zilizo mahakamani na tarehe zake, leseni zinazosubiri, ahadi zilizotolewa kwa mdomo (hizi ndizo hatari zaidi), na mali. Kaimu asikubali kusaini hati ya makabidhiano isiyotaja kesi.

Je, kaimu ana nguvu kamili? Ndiyo, akiwa ameteuliwa sawasawa. Lakini ningeishauri bodi iandike kwamba uhamisho wa wakuu wa idara na mikataba ya zaidi ya mwaka mmoja ipitie kwa bodi yenyewe kwanza. Nimewahi kuona kaimu wa shirika fulani akipangua wakurugenzi watano katika wiki yake ya pili, na aliyekuja baada yake alitumia nusu mwaka kuwarudisha.

Hatua ya saba: anza kutafuta wa kudumu siku hiyo hiyo

Miezi sita inaonekana mingi hadi uihesabu kwa kurudi nyuma. Mtu mnayemtaka anafanya kazi kwingine, na huenda mkataba wake unadai notisi ya miezi mitatu. Kwa hiyo, kama ukaimu unaisha tarehe 31 Desemba, barua ya ajira lazima imfikie mwishoni mwa Septemba. Kabla ya hapo kuna usaili, na kabla ya usaili kuna orodha fupi na muda wa umma kutoa maoni, na kabla yake tangazo la kazi, ambalo lenyewe linataka bodi iidhinishe maelezo ya kazi na mshahara. Ukihesabu yote hayo, tangazo linapaswa kuwa gazetini na mtandaoni kabla Julai haijaisha. Mamlaka inayosubiri Oktoba ili “mambo yatulie” imeshavunja sheria, ila bado haijajua.

Mfano unaojulikana na wengi ni wa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Francis Wangusi aliondoka Agosti 2019, Mercy Wanjau akakaimu, na Ezra Chiloba akaingia Oktoba 2021. Ni zaidi ya miaka miwili, wakati kikomo cha miezi sita kilikuwa kwenye vitabu tangu 2017. Sisemi lolote kuhusu alivyofanya kazi. Lakini aliyekaa muda huo wote kwenye kiti asichojua kama ni chake hawezi kupanga mipango ya miaka mitano, na wanaodhibitiwa wanalijua hilo na kulitumia.

Kama kaimu mwenyewe ameomba kazi, mwondoeni kabisa kwenye mchakato. Asisaini tangazo, asione majina ya wengine, asikae katika kikao chochote kinachoizungumzia. Na kuna utata ambao wengi hawautazami: mkuu wa rasilimali watu anaripoti kwa kaimu huyo, na anapokea barua za wapinzani wa bosi wake. Afadhali bodi iwaombe PSC wasaidie au ilete mshauri wa nje, na maombi yatumwe kwao moja kwa moja.

Hatua ya nane: tarehe 31 Desemba

Mkimpata mtu, mambo ni mepesi. Msipompata, mtasikia mapendekezo matatu. La kwanza ni kumwongezea kaimu miezi mingine, na sheria imeshasema miezi sita haizidi. La pili ni kumfuta kwa siku moja na kumteua tena, hila ambayo jaji yeyote ataiona. La tatu ni kumteua mtu mwingine mwenye sifa. Hilo linaweza kusimama kwa dharura ya kweli, lakini kifungu cha 34 kinasema pia kwamba ukaimu usikwamishe kupatikana haraka kwa mtu wa kudumu, kwa hiyo barua ya kaimu wa pili iambatane na ratiba ya usaili yenye tarehe. Msingoje Desemba kulijadili. Mwezi wa nne wa ukaimu bodi iwe na ripoti ya mchakato umefika wapi, na kama umekwama, PSC wajulishwe kwa barua. Watawauliza hata hivyo: kila mwaka wanaripoti kwa Rais na Bunge jinsi taasisi zinavyofuata Vifungu vya 10 na 232 vya Katiba, na maafisa waliokaimu kupita miezi sita huhesabiwa humo.

Kaimu akimaliza, mpe barua ya kurejea kwenye cheo chake na shukrani ya bodi kwa maandishi, iwekwe kwenye faili. Achukue orodha ya maamuzi aliyoyafanya na faili zilizobaki wazi, amkabidhi anayeingia mbele ya katibu wa shirika, wote watatu wasaini. Benki ijulishwe siku hiyo hiyo, na aliyekuwa akishikilia idara yake naye apewe barua ya kurejea, kwa sababu huyo husahauliwa na mwezi Februari utamkuta bado anaketi kwenye kiti cha mwenzake.